Mifupa ya Mbuta

Jumatatu, 14 Julai
Leo nimeona maajabu. Wamefika watu wa kusafisha udongo wa kile kiwanda kilichofungwa cha kuyeyusha betri, kilichopakana na uwanja wangu hapa Nyalenda. Udongo wote una risasi, yale madini yenye sumu ya kwenye betri. Hadiya wangu, miaka mitatu, amepimwa damu, na risasi imekutwa humo! Zeituni, mke wangu, hamruhusu tena kukanyaga chini. Mtoto anashinda kitandani akililia mchanga wake.

Mkubwa wao, Bi Lorna, ametueleza dawa: mifupa ya samaki! Inasagwa, inachanganywa na udongo, inaikamata risasi na kuigeuza jiwe, isiingie tena mwilini. Nilibaki mdomo wazi. Mifupa tunayowatupia paka! Subhanallah.

Halafu nikafikiri. Nani atawauzia mifupa? Mimi.

Jumatano, 16 Julai
Nimedamka, nikanunua mgongo wazi wote, mabaki ya samaki, langoni mwa kiwanda cha minofu ya mbuta. Vichwa, mikia, mbavu zenye nyama nyama. Mkokoteni mzima! Awuor, jirani anayeikaanga na kuiuza njiani, hakukuta hata mkia. Alinifuata akifoka: "Mzee, hiyo ni chakula ya watu! Unapeleka wapi?" Nikamwambia mambo ya sayansi hatayaweza. Nimemwaga yote uwanjani. Zeituni ameziba pua, akaniuliza kama nina akili timamu. Wivu tu.

Alhamisi, 17 Julai
Jua. Nzi. Halafu makorongo! Wale ndege wenye vipara, wa jaani, wamejipanga juu ya bati langu kama wazee wa baraza. Nikawarushia kandambili. Mmoja ameimeza.

Bi Lorna alipokuja alicheka hadi akashika ukuta. Kumbe mifupa yao ililetwa zamani, imekaushwa na kusagwa, iko maguniani. Sikuwa nimeuliza. Kisha akaacha kucheka: nisipoondoa uozo huu kufikia Jumatatu, uwanja wangu utarukwa, hautasafishwa. Zeituni alimtazama Hadiya. Niliogopa kweli. Aliyekuja kunisaidia kuzoa ni Awuor, na jembe lake. Alinitukana hadi jioni, lakini alizoa.

Ijumaa, 25 Julai
Wamemaliza! Chini mifupa, juu yake udongo safi mweusi kutoka Pap Onditi, juu kabisa nyasi. Risasi bado imo, anasema Bi Lorna, ila imefungwa, na aliyeifunga ni samaki wa ziwa letu! Nimekaa kizingitini nikitazama, sikuweza hata kunywa chai. Hadiya akateremshwa. Alimwangalia mama yake kwanza, kisha akaketi, akashika nyasi kwa mikono miwili. Nimelia. Bi Lorna ametuonya jambo moja tu: tusichimbe kamwe.

Jumapili, 27 Julai
Griffins, muuza miche, ameuona udongo wangu ukichungulia kando ya nyasi, kutoka ng'ambo ya ua. Anasema mweusi namna hii hajapata kuuona, na atanilipa kwa kila mkokoteni. Kona moja tu, nyuma ya choo. Hadiya hafiki huko mara nyingi. Nyasi nitazirudisha juu, hakuna atakayejua.

Jembe la Awuor bado liko kwangu.