Kengele Ndani ya Soksi

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudishwa nyumbani Nengo kutoka hospitali. Daktari anasema moyo umechoka. Noeli nisiitegemee sana. Kifua kikinibana tena, nisingoje: niite, nikimbizwe hospitali. Sauti yangu haifiki jikoni, kwa hiyo Xavérine, binti yangu, ameniwekea kando ya mto ile kengele ya shaba niliyopewa nilipostaafu ualimu. Mtu anayekufa hana haja ya kudanganya. Nitaandika kweli tupu.

Kweli ya kwanza: nina wivu. Ng'ambo ya barabara, Donat naye anakufa. Dereva wa lori, hata shule ya msingi hakumaliza! Kwake watu wanapishana mlangoni tangu asubuhi: waendesha pikipiki, mafundi cherehani, akina mama wauza sambaza, dagaa wa ziwani. Kwangu leo: katekista, na bwana mmoja aliyekosea nyumba. Alipogundua mimi si Donat aliomba radhi, akaondoka na maziwa yake.

Kweli ya pili: watu hao wote siwahitaji. Ninamtaka Xavérine aketi hapa saa moja, bila trei. Anakuja na trei, anaondoka na trei. Dawa kwa wakati wake, shuka safi, neno hakuna. Tukienda hivi, nitakufa nikitazama mgongo wake.

Lakini nimefundisha walimu saikolojia maisha yangu yote. Mtu hazaliwi na tabia. Hufinyangwa na wanaomzunguka, na kile anachopata akitenda jambo. Wageni wakizoea kuketi nami, Xavérine atawaiga. Mpango upo.

Jumanne, 4 Novemba

Mandazi! Nimemwagiza Xavérine akaange mengi na kufungua dirisha la barabarani. Harufu ikafanya kazi. Kabla ya adhuhuri sebule ilijaa. Ushindi!

Wakala. Wakanywa chai ya maziwa. Wakawasha televisheni, wakabishana juu ya penalti. Chumbani kwangu hakuingia mtu. Rayhana, yule muuza sambaza anayevuka mpaka kwenda Goma kila siku, alinipigia kelele kupitia ukutani: "Mwalimu, pole na magonjwa! Sukari ingine iko wapi?"

Nikamjibu iko kabatini.

Alhamisi, 6 Novemba

Kosa lilikuwa langu: zawadi niliiweka mbali na tendo. Leo sahani iko juu ya blanketi langu. Asiyeketi hapa hali.

Rayhana akaketi. Akachukua mawili. Akasema, "Bon, muzee, iyi mandazi iko muzuri sana. Na we uko aje?" Nikaanza kumweleza niko aje. Akachukua la tatu, macho kwenye sahani.

Nikamuuliza Donat huwapa nini. Akacheka mpaka makombo yakaruka. Donat hana kitu cha kuwapa. Wao ndio humpelekea uji. "Kule tunacheka tu, Mwalimu. Anauliza forodha ilitusumbua aje, mutoto alipona. Majina ya batoto yote anajua!"

Aha. Kicheko! Zawadi isiyotumia mafuta ya kukaangia. Mjanja yule dereva. Papo hapo nikawasimulia kile kichekesho changu cha mkaguzi wa shule aliyeketi juu ya chaki. Rayhana akachukua la nne. Katekista, aliyekuwa pembeni na andazi lake, akadhani nimemaliza sala. Akasema amina.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeondoa mandazi, nione. Hakuja mtu. Nadharia imethibitishwa kabisa. Sijawahi kusikitishwa hivi na kuwa sahihi.

Basi, wageni basi. Nimrudie Xavérine mwenyewe. Kengele haifai: nikiigonga atakuja mbio, ataita gari, watanibeba. Ninataka aje na kiti, si na gari. Nikaamua kulia. Kilio cha mzee, cha chini, cha heshima.

Ndala zake zikaja mpaka mlangoni. Zikasimama. Nikaongeza sauti. Hazikusogea. Chini ya mlango niliona vivuli vya miguu yake, vimetulia kama vya meza. Nililia mpaka nikachoka. Niliponyamaza tu, mlango ukafunguka, uji ukaingia.

"Sasa umenyamaza, Papa," akasema, akanifunga kitambaa kifuani.

Nikamuuliza kwa nini hakuingia mapema. Akajibu bila hasira kwamba katika nyumba hii anayelia hafunguliwi mlango mpaka amalize. Nikamuuliza nani alitunga sheria ya kipumbavu hivyo. Akanitazama, akapangusa kijiko.

Baadaye nikakumbuka! Alikuwa na miaka minne, mama yake tumemzika karibuni, na yeye akilia nyuma ya mlango huuhuu. Nilisimama nje na saa mkononi. Aliponyamaza niliingia na ndizi mbivu. Usiku wa kwanza ulikuwa mrefu sana. Baada ya siku chache akaacha kabisa, wala hakulia tena. Matokeo safi! Niliyafundisha darasani kwa miaka.

Na ona yalivyodumu. Nakiri nilijisikia fahari. Uji ulikuwa umepoa.

Jumapili, 9 Novemba

Donat amekufa alfajiri. Watu wamejaa mpaka barabarani, chini ya maturubai, mvua ikiyapiga. Xavérine alikwenda matangani tangu asubuhi.

Kutoka dirishani nilimwona ameegemea bega la Rayhana, analia. Binti yangu! Sikujua kwamba bado anaweza. Na Rayhana hakungoja amalize. Alimshika hivyohivyo, huku kamasi zikimlowesha kitenge. Ndivyo mazingira mabaya yanavyoharibu kazi ya miaka.

Jioni akarudi, macho mekundu. Nikamuuliza Donat alikuwa akimpa nini. Akasema kila alipopita, Donat alimkalisha kibarazani. Kwa sababu gani? "Kukaa tu, Papa." Zawadi haijajulikana. Nichunguze zaidi.

Kisha akafanya jambo geni. Hakuwa na trei. Akaweka mkono juu ya blanketi langu, mkono wenye baridi ya mvua, akaniuliza, "Papa, unataka nikae?"

Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Lakini machozi yalikuwa bado yanamtiririka, na machozi hayapewi zawadi. Nimewafaulisha na kuwafelisha watu kwa swali hilo la mtihani. Nikamwambia akanawe uso kwanza.

Akaenda kunawa. Alirudi na trei.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Kifua kimeanza kubana baada ya chakula cha mchana. Si kama mara ile niliyopelekwa hospitali, zaidi. Mkono wa kushoto umekuwa wa mtu mwingine.

Nimeielewa sheria ya nyumba hii, na sheria ikieleweka hutumika. Akilia mtu, Xavérine haingii. Akinyamaza, anaingia. Kwa hiyo nikinyamaza kuliko nilivyowahi kunyamaza, ataingia na kukaa kuliko alivyowahi kukaa. Mbona sikuliona hili mapema!

Nimeivisha kengele soksi, nikaisukuma chini ya mto, isije ikanisaliti mkono ukitetemeka. Kiti nimekivuta karibu kwa mguu. Kazi kubwa. Kiko tayari.

Ndala zinakuja. Zimesimama mlangoni.

"Papa?"

Sijibu. Kalamu tu. Jasho linaingia machoni.

"Papa, umelala?"

Vizuri sana. Vivuli vimetulia. Sasa hivi.

Ndala zinaondoka, polepole, asiniamshe. Si neno. Mwanafunzi hashiki somo mara ya kwanza. Akipita tena, nitanyamaza zaidi.