Mbaazi za Mabano

Jumatatu, 8 Septemba

Daftari, pole sana. Tangu Pasaka sijakuandikia. Mwanangu Munyao alikuwa anaota meno, mimi nikawa naota tu.

Ijumaa tuna mtihani wa hesabu, darasa la watu wazima, hapa Kalamba. Nikianguka siandikishwi mtihani wa taifa, na kufundisha chekechea nitakusikia kwa wengine. Ndululu, wa dawati letu, ameshanipa pole. Mapema hivyo!

Swali: x² + 7x + 12. Namba mbili gani ukizizidisha zilete 12, ukizijumlisha zilete 7? Kichwa kimekataa. Nikaenda kuchambua mbaazi. Kumi na mbili zikajipanga zenyewe kwa sinia: mistari mitatu, kila mmoja nne. Tatu na nne, saba! (x + 3)(x + 4). Mabano yenyewe kama mikono imebeba mtoto. Nimeyatazama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 10 Septemba

Mbaazi arobaini, nimezifunga pembe ya leso. Darasani napanga mapajani, chini ya dawati. Nimepata maswali yote matano! Ndululu akaniuliza kwa sauti, eti Mama Munyao anapika saa ngapi. Nikamwambia sahani yake haipo.

Mwalimu Kilonzo aliona. Akasema polepole kwamba mbaazi ni za kuanzia tu, sasa nizoee kugawanya kwa kichwa. Nikaitikia. Lakini nilikuwa naona mistari ikitembea kama mbuzi wa kwetu Ikutha, wakirudi bomani bila kusukumwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Munyao amekula sita. Nimemwambia hapana ni hapana. Akalia, nikambeba, akalala ameshika kidole changu. Zimebaki thelathini na nne. Zinatosha.

Ijumaa, 12 Septemba

Swali la mwisho, alama nyingi: x² + 29x + 100. Mia! Nikapanga thelathini na nne, zingine nikaziota. Leso ikafunguka. Mbaazi zikabingirika mpaka miguuni pa Ndululu, ambaye alishaandika 4 na 25 na sasa anajipepea.

Nimeanguka kwa alama tatu. Mwalimu amenipa marudio Ijumaa ijayo, akaniomba mbaazi nizile.

Nimefikiria sana, nimeona kosa. Zilikuwa chache! Nimemtumia mama ujumbe Ikutha, aniletee kabla ya Alhamisi: mbaazi kavu kilo mbili, zisizotobolewa, maharagwe meupe nusu kilo, ya namba za kutoa, leso mpya yenye pembe ngumu, na sinia pana, la kukaa mapaja mawili.