Madarasa ya Bibi Esteria

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeamka na uamuzi. Kazi ya kuongoza mahujaji hapa misheni ya Kwemvule ni yangu. Miaka miwili na shahada ya historia, nang'oa karoti za mama! Padri Kristian alitangaza jana: anatakiwa mtu wa kuwasimulia mahujaji habari za uwanja wa mawe mbele ya kanisa. Ataanza Jumapili hii, sikukuu ya Msalaba, kisha ataajiriwa moja kwa moja. Tumejitokeza wawili, mimi na binamu yangu Paskalina. Paskalina! Aliishia kidato cha nne, anauza kabichi Soni. Mama anasema Paskalina anajua kuongea na watu. Nikasema mimi najua cha kuwaambia. Mama akauliza kama najua pia vyombo viko wapi, maana havijaoshwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda uwanjani na futi kamba. Aibu tupu. Mahujaji huvua viatu kabla ya kukanyaga mawe yale, na upande mzima wa kusini umeanikwa maharage! Padri aliyepita aliwaruhusu akina mama, eti huku milimani hakuna kwingine palipo tambarare penye jua. Maharage ya njano, mekundu, ya madoa, kila mahali.

Bibi Esteria alikuwa amekaa pale na fimbo yake, akifukuza kuku. Nilikuwa nahesabu hatua, nikapita bila kuamkia. Akamwambia mwenzake Marietha, kwa sauti ya kunifikia, kwamba huyu shikamoo yake aliisahau Dodoma, chuoni.

Sikujali. Nilikuwa nimeona! Chini ya maharage kuna safu za mawe. Zimenyooka, zinakutana pembeni kama vyumba. Zimeota kijani kwa uzee. Nimepima: vyumba tisa. Ni misingi ya shule ya kwanza ya Wajerumani, na hakuna aliyewahi kuiandika. Nimerudi nyumbani mbio.

Alhamisi, 11 Septemba

Ukurasa wa kumi na moja wa maelezo yangu. Tanbihi ishirini na sita. Kesho tunajaribiwa mbele ya Padri na wazee wa parokia. Kikwazo ni kimoja: ugunduzi wangu umefunikwa na mboga.

Leo akina mama wote walikwenda kwenye mazishi Soni. Mama alinihimiza twende. Nikasema tumbo linauma. Saa nne nilikuwa uwanjani na magunia. Nimezoa yote mwenyewe, magunia sita, nikayapanga nyuma ya sakristia. Mgongo umekufa. Lakini vyumba vyangu tisa viko wazi, vinang'aa! Paskalina alipita akitoka mazishini, akasimama, akauliza kama wenyewe wanajua. Nikamwambia sayansi haiombi ruhusa. Akaondoka akitikisa kichwa. Wivu.

Ijumaa, 12 Septemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Nilizungumza dakika arobaini, akina mama nao wamekuja kusikiliza. Mzee Nathanieli, mwenyekiti wa wazee, alisinzia kwenye utangulizi. Nikawafikisha kwenye vyumba. Nikanyoosha kidole: darasa la kwanza, darasa la pili. Bibi Esteria akainua fimbo.

"Mjukuu wangu, hilo darasa la pili ni langu," akasema. "Mawe hayo nimeyapanga mimi, maharage yangu yasiingiliane na ya Marietha. Darasa la Marietha ni hilo la kwanza."

Wazee walicheka mpaka Nathanieli akaamka. Padri aligeuka akakohoa ukutani. Kicheko ningekivumilia. Ila Marietha akauliza, basi maharage yenyewe yako wapi. Nikawaonyesha magunia. Akafungua moja, akaingiza mkono, akatoa konzi moja yenye rangi zote.

Hakuna aliyecheka tena. Kumbe nusu yake ilikuwa mbegu. Kila nyumba na mbegu yake, ya kupanda vuli. Mbegu ya Bibi Esteria alipewa na mama yake. Alikaa chini kwenye mawe. Mama alikuwepo. Hakunitazama.

Zamu ya Paskalina. Alivua ndala, akawaamkia wote mmoja mmoja, akamwinua Bibi Esteria na kumwomba aeleze yeye habari za uwanja. Bibi alisema maneno matano tu. Sauti ikakatika. Ilitosha. Padri hakuwaita wazee pembeni hata kidogo, alimpa Paskalina mkono palepale.

Mimi nimepewa kazi pia. Kuchambua magunia sita, punje kwa punje, hadi yaishe.

Jumapili, 14 Septemba

Mahujaji walijaa, kutoka Mombo hadi Muheza. Nilichungulia nikiwa nyuma ya sakristia, ungo magotini. Paskalina anawachekesha. Ameongeza "madarasa ya Bibi Esteria" kwenye maelezo yake! Watu wanapiga picha wamesimama ndani ya chumba cha tatu. Mtawa mmoja aliniletea soda akauliza kama mimi ndiye yule msomi.

Jumatatu, 15 Septemba

Gunia la pili. Nimekaa na Bibi Esteria tangu asubuhi, maana yeye peke yake anaitambua mbegu yake. Amenisamehe, nadhani. Hanyamazi. Anasimulia jinsi mama yake na wasichana wenzake walivyoyabeba mawe ya uwanja kichwani kutoka mtoni. Anawataja kwa majina, wote kumi na wanane. Nani alivunjika mguu, waliimba nini wakipanda, shule ya kwanza ilikuwa wapi hasa. Anasema hajawahi kuulizwa na mtu.

Ilipofika saa sita nikamwomba, kwa heshima zote, apumzike kidogo. Namwandikia barua Askofu kichwani na ananivuruga. Nataka kumthibitishia kwamba Kwemvule haina chanzo hata kimoja cha kuaminika cha historia yake. Nimefika ukurasa wa nne.