Kairo Yangu, Praga ya Nassor

Jumatatu, 5 Septemba 1960
Nimerudi Ole kutoka Wete kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Bwana Mabruki, karani anayeandikisha vijana wa kwenda kusoma ng'ambo, kasema nafasi ni mbili: moja Kairo, moja Praga. Kila mtu achague mji mmoja. Wakigongana wawili, atatazama maksi. Nimeandika Kairo. Kuna jua, adhana, nyama ya halali. Praga wanasema maji yanaganda ndooni. Nife kwa baridi mie? Na nisipoondoka mwaka huu, ni kuanika karafuu za ami mpaka niote mvi.

Jioni nimesikia Nassor, mtoto wa ami, naye anaitaka Kairo. Maksi zake zinanipita mbali. Lo!

Jumanne, 6 Septemba
Nimemwahi Nassor kabla hajanywa chai. Nikamweleza kwa huruma kubwa kwamba watu wetu wakifika Kairo hurudishwa darasa la kwanza, wakakalishwa na vitoto kusoma alifu, be, te. Praga, nikamwambia, matufaha yanaanguka barabarani, hayana mwenyewe. Akauliza nimeyajuaje. Nikasema redioni kwa Mzee Nyange. Mzee Nyange hana redio. Nassor kashukuru, kapanda baiskeli, kaenda kuandika Praga. Mjinga huyu, na maksi zake zote!

Ijumaa, 9 Septemba
Majina yametoka! Mie Kairo, Nassor Praga. Wa akiba ni Pandu wa Gando. Orodha inapelekwa Unguja Jumatatu. Nimepita barazani mara nne ili watu wanione.

Jumamosi, 10 Septemba
Mama kasema msafiri hatoki bila kuomba radhi. Nimwendee kila niliyemkosea, nilitaje kosa, anisamehe. La sivyo safari haina baraka, na yeye hanisomei dua. Nikasema niombe radhi ya jumla. Kasema hiyo ni ya wavivu. Akajitanda kanga, akanifuata nyuma!

Kwa Bi Kijakazi nimeungama bata wake aliyepotea siku ya Idi. Kanisamehe, ila kaniangalia sana. Mwisho kwa Nassor. Nilitaka nitaje kalamu niliyomwibia, nikomee hapo. Mama akauliza mbona najikuna shingo. Huyu ananijua tangu tumboni! Ikanitoka yote: Kairo, alifu be te, matufaha. Nassor kacheka, kanikumbatia, kasema kanisamehe duniani na akhera. Ami kafuta machozi. Nami nikalia kwa raha. Moyo mweupe kabisa.

Jumatatu, 12 Septemba
Msaliti! Nassor kaondoka alfajiri na baiskeli yake, kabadilisha mji! Mie nilipofika Wete, jasho chepechepe, Bwana Mabruki kasema tumegongana Kairo na maksi zimeamua. Nikasema basi nipe Praga, baridi nitaivumilia. Kasema Pandu kaitwa kutoka sokoni, keshasaini.

Nikamwendea Nassor. Nikamwambia si umenisamehe wewe, tena mbele ya watu! Kajibu kwa upole kwamba kunisamehe kanisamehe. Mji hakuniahidi.

Jumatano, 14 Septemba
Walioniaga wanauliza bado nipo? Bi Kijakazi kafungia bata ndani. Mama kasema mtaka yote hukosa yote. Ami kanipa jamvi la kuanikia karafuu. Nimelia uani, na leo si kwa raha. Nilishaziona taa za Kairo. Nilishachagua na shati la kuvaa siku ya kwanza.

Jumamosi, 24 Septemba
Nassor kaondoka. Alikuja kuniomba radhi. Kasema katafuta kosa alilonikosea hakuliona, basi nimpe radhi ya jumla. Na mama kaikubali! Nikampa, nikatabasamu mpaka taya likauma.

Lakini Bwana Mabruki kasema mwakani ipo nafasi ya London. Moja tu, na Jaribu wa Tumbe, mwenye maksi nzuri, keshaanza kuizungumza. Kesho nakwenda Tumbe kumweleza, kwa huruma kubwa, kwamba ukungu wa London humwingia mtu masikioni akawa kiziwi.

Sasa nimeshapata akili. Radhi nitaomba kwa barua, nikishafika.