Rubani Aliyepungukiwa na Kutua Mara Moja

Aliyenieleza haya ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, rubani mstaafu wa ndege za jeshi. Alinieleza Jumamosi ile ile yalipotokea, saa tisa alasiri, amekaa kwenye kiti cha kaka yake na suti yake mwilini, mimi nachambua mchele. Mimi niliishia darasa la nne. Kwa hiyo naandika kama nilivyosikia, na pale mtakapoona serikali haieleweki, lawama ni yangu. Serikali ilisoma mpaka mwisho.

Mambo yalianza na tangazo. Lilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima, kwa sauti ya mtu aliyemeza pipa:

“Idara ya Kumbukumbu za Anga inautangazia umma kwamba marubani wote wastaafu wa jeshi sasa watakumbukwa rasmi, wawe hai au wamefariki. Majina yao yatachongwa kwenye jiwe. Wananchi waliokuwa wakiwakumbuka kienyeji majumbani wanaombwa kusitisha mpaka utaratibu utakapokamilika.”

Mimi nilitii. Siku ya tatu shemeji alipopiga hodi nilimfungulia na kumpa chai, lakini nilijitahidi sana nisimkumbuke.

Ili ukumbukwe ilibidi ujaze fomu. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina, cheo, na kama mhusika bado yupo. Ukurasa wa pili ulikuwa na safu mbili: umepaa mara ngapi, umetua mara ngapi. Waraka Namba Tatu, uliosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe, ulisema safu hizo mbili sharti zilingane, na ambaye safu zake hazilingani asitambuliwe. Ni busara. Hata mimi kuku wangu wakitoka kumi nataka warudi kumi.

Shemeji alipaa mara mia tano na arobaini, akatua mara mia tano na arobaini. Yake ilipita. Taabu ilikuwa kwa rafiki yake.

Rafiki huyo walimwita Miluzi, kwa sababu kila magurudumu yakigusa ardhi alipiga mluzi kwenye redio ya ndege, hata wakubwa wakiwa wanasikiliza. Aliadhibiwa mara nne na hakuacha. Alistaafu salama, akafuga nyuki, akafa kitandani mwake mwaka juzi. Mjane wake sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Ndiye aliyempigia shemeji simu.

“Kaka, sherehe yao siitaki,” alisema. “Hizo nyimbo na viti vya plastiki wabaki navyo. Nataka jiwe. Macho hayasomi tena, lakini kidole kinasoma.”

Basi Jumamosi wakaenda, shemeji amemshika mkono. Uwanja ulikuwa mbele ya ofisi ya Idara. Jiwe lilikuwa pale, na fundi wa kuchonga ameketi kwenye kigoda na patasi zake. Kando yake ilikuwepo ndege ya zamani ya mafunzo, imepakwa rangi mpya, imezungushiwa kamba. Kwenye kamba kulikuwa na kibao: WASTAAFU WASIKARIBIE BILA KIBALI. Orodha ya majina ilikuwa inafungwa saa sita juu ya alama. Walifika kwenye meza saa tano na nusu.

Karani alikuwa binti mmoja mpole mwenye rula. Akaiweka rula chini ya safu ya kwanza, kisha ya pili.

“Mzee, hapa amepaa mara mia sita na kumi na mbili.”

“Ndiyo.”

“Ametua mara mia sita na kumi na moja.”

“Ndiyo, binti. Safari moja injini ilishika moto. Aliruka kwa mwavuli.”

“Kwa hiyo mwavuli ulitua.”

“Yeye alitua, akiwa kwenye mwavuli.”

“Mwavuli hauna safu yake.” Akageuza fomu kuhakikisha. “Na ndege?”

“Ilianguka kwenye kinamasi. Alichelewa kuruka makusudi, aivushe juu ya nyumba za watu kwanza. Mimi nilikuwa nazunguka juu yake na ndege yangu, nikimwambia ruka, ruka wewe mwanaharamu, naye ananijibu subiri kidogo, hapa wameanika nguo.”

“Nyumba zipi hizo, mzee?”

“Hizi,” shemeji alisema, akaonyesha ofisi ya Idara kwa kidevu.

Karani akaandika jambo pembeni, kwa penseli. “Nakuelewa kabisa, mzee wangu. Lakini kwa mujibu wa kumbukumbu, kuna safari moja haijarudi. Bado yuko angani. Na mtu aliye angani yuko kazini, na aliye kazini hajastaafu. Siwezi kumkumbuka mtu aliye kazini.”

Mjane akauliza taratibu, “Mwanangu, atashuka lini?”

“Akishuka tu, mama, mlete.”

Shemeji anasema hakukasirika. Binti hakuwa na dharau. Alipewa rula na aliitumia. Mwenye waraka ni Mkurugenzi, basi wakageuka kumtafuta Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa ndani ya ndege. Mpiga picha alikuwa amemwomba akae mahali pa rubani, na yeye akaona picha haina heshima kama mfuniko wa kioo uko wazi. Akauvuta mwenyewe. Ukafunga ta. Picha ikapigwa, nzuri sana, na hotuba yake ya kurasa ishirini ameishika kifuani. Kisha akataka kutoka, akasukuma, mfuniko ukamtazama tu.

Jua lilikuwa utosini, na kioo kile hakina mzaha. Dakika tano tu, Mkurugenzi alikuwa amelegeza tai. Dereva wake akasukuma, mlinzi akasukuma, mpiga picha akapiga picha nyingine. Ubavuni mwa kioo kuna kidirisha kidogo cha kupitishia hewa, mkono haupiti vizuri. Mkurugenzi akaweka mdomo pale.

“Mleteni huyo rubani mzee! Yule pale!”

Shemeji akasogea mpaka kwenye kamba, akasimama. Karani alikuwa amemfuata na daftari.

“Mzee, una kibali cha kuvuka?”

“Sina.”

“Anayetoa kibali ni Mkurugenzi.”

“Ndiye huyo ndani.”

“Mimi natoa kibali!” Mkurugenzi alisema kwa kidirisha. “Nimeshatoa!”

Karani akafungua daftari, akaweka rula. Shemeji anaapa uso wake haukucheka hata kidogo. “Mheshimiwa, nisamehe. Kwenye daftari la ndege umepanda mara moja. Kushuka, bado. Safu hazilingani. Kwa Waraka Namba Tatu siwezi kukutambua.”

“Wewe, mimi ndiye niliyeuandika waraka huo!”

“Na umeandikwa vizuri, Mheshimiwa. Nimeukariri.”

Jasho lilikuwa linamtoka mtu yule mpaka kioo kikaanza kuingia ukungu, na umbo lake likawa kama samaki kwenye chupa.

“Futa huo waraka.”

“Kwa maandishi, Mheshimiwa.”

Karatasi hakuwa nayo ila hotuba. Akaigeuza, akaandika nyuma yake, mkono unateleza: Waraka Namba Tatu umefutwa kuanzia sasa. Mtu atambuliwe hata kama safari moja haikurudi. Akasaini, akaikunja, akaisukuma kidirishani. Karani akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa adabu, akarudi mezani kwake.

“Unakwenda wapi?” Mkurugenzi aliita.

“Kuna mama alitangulia kwenye foleni, Mheshimiwa. Foleni ni foleni.”

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Akagonga muhuri fomu ya Miluzi, akaipeleka mwenyewe kwa fundi. Ndipo akaandika kibali cha shemeji, akasubiri wino ukauke, akakipeperusha kidogo.

Sasa shemeji ana tabia moja, na marubani wote wa zamani wanayo: hagusi ndege kabla hajaizunguka. Hata ya makumbusho. Akaanzia puani, akashika bawa la kushoto, akainama kutazama tairi, goti lake lile bovu likalia. Akaenda mkiani, akaangalia kama ndege wa manyoya hawajajenga humo.

“Mzee, mimi nakufa humu!” Mkurugenzi alisema.

“Ndiyo, mkuu. Nimebakiza bawa moja.”

Alipomaliza bawa la kulia akapanda ngazi, akaweka mdomo kwenye kidirisha.

“Mkono wako wa kushoto, chini, kuna kishikio chekundu. Kimeandikwa neno. Lisome.”

Mkurugenzi akainama, akasoma. “Vuta.”

“Haya.”

Akavuta. Mfuniko ukafunguka kama wa sufuria.

Alishuka mwenyewe, shati limemganda, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti na kunyoosha mkono apewe hotuba. Karani akamweleza kwamba ile sasa ni kumbukumbu ya ofisi, imeshawekwa kwenye jalada, na kuiazima ni siku saba za kazi. Kwa hiyo sherehe nzima ilikuwa ni kusoma majina tu. Shemeji anasema hajawahi kuhudhuria shughuli nzuri namna ile.

Fundi alipomaliza, mjane akasogezwa kwenye jiwe. Akapuliza vumbi, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaenda nayo taratibu mpaka ya mwisho, akarudia.

“Wamelichimba,” alisema. “Jina limezama vizuri.” Kisha akageuza uso kumtafuta karani. “Sasa ameshuka, mwanangu?”

Binti akaangalia daftari lake. “Kwa mujibu wa kumbukumbu, mama, ndiyo.”

Shemeji alitaka kupiga mluzi, lakini meno ya mbele hana tena, ikatoka hewa tupu. Mjane akacheka, akasema hata Miluzi mwenyewe siku za mwisho alikuwa akipiga hivyo hivyo. Kwenye gari, kabla hawajafika kona ya pili, mama yule alikuwa amelala, kidole bado kina vumbi jeupe.

Nilimaliza mchele wangu. Nikamuuliza, “Shemeji, kwa nini hukumwambia habari ya kishikio tangu mwanzo? Ungeweza kupaza sauti tu, ukiwa hapo hapo kwenye kamba.”

Akafikiri. Alikuwa ameshafumba macho.

“Ningeweza,” alisema. “Lakini sikuwa na kibali.”

Nikasubiri aongeze neno. Mkono ukamteleza kutoka gotini, kidevu kikagusa tai, akawa amelala.