Mashine Tatu na Gogo Kaidi

Jumatatu, 3 Juni

Lori limekuja, limemwaga magogo getini, limeondoka. Magogo mazima! Hakuna hata moja lililochanjwa. Dereva amesema niliagiza kuni, sikusema zichanjwe. Ni kweli, sikusema.

Mke wangu anaoka mikate kwenye tanuri la nyuma ya nyumba, na wiki ijayo ana oda ya shule nzima. Ametoka na unga mikononi, akalitazama rundo, akauliza nani atachanja. Nikasema mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema ikifika Jumamosi saa sita mchana banda la kuni halijajaa, atamwita kaka yake.

Shemeji! Mwaka jana alikuja kwa siku mbili tu. Alisema mwenyewe pale getini, tena kwa kiapo: siku mbili tu. Akakaa miezi mitano. Alikalia kiti changu, alivaa ndala zangu, alikohoa kila redio iliposoma habari. Kuchanja kuni anajua, simnyimi haki yake. Pigo moja, gogo chali. Halafu anakusimulia lile pigo mpaka chai inapoa.

Nikachukua shoka. Pigo la kwanza, hewa. La pili, udongo. La tatu likanasa kwenye gogo moja lenye mafundo kila upande, na kiuno kikalia ta! Mke wangu amekuja kulichomoa shoka kwa mkono mmoja. Gogo hilo nimelipa jina: Kaidi.

Basi, nanunua mashine ya kuchanjia kuni. Ila siyo yoyote tu. Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wauzaji hujaribisha mashine zao kwa vijiti walivyochagua wenyewe. Mimi nitakwenda na magogo yangu, na Kaidi atakuwa mtihani wa mwisho. Akili kubwa hii! Moyo umetulia. Shemeji haji.

Jumanne, 4 Juni

Nimekodi mkokoteni, nikapakia magogo kumi na Kaidi juu, mpaka duka la vifaa. Muuzaji amevaa tai. Amesema ana mashine ya umeme, haina kelele, hata bibi yake anaitumia. Nikamwambia bibi yake hamjui Kaidi.

Magogo kumi yamechanjika vizuri, nakiri. Kisha Kaidi. Mashine imeguna, imenuka, na taa za duka zote zimezimika. Taa za kinyozi jirani pia. Kinyozi ametoka na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, wakauliza nani kafanya hivyo. Muuzaji akaninyooshea kidole. Nikaaga kwa heshima na kusukuma mkokoteni wangu haraka kuliko kiuno kinavyoruhusu.

Kuni zilizochanjwa nimerudi nazo, ni zangu. Nimezitupa mlangoni mwa banda nikaenda kuandika alama kwenye daftari. Umeme: nne juu ya kumi. Namshukuru Mungu kinyozi hajui ninapokaa.

Jumatano, 5 Juni

Fundi wa kuchomelea anatengeneza mashine ya mkono kwa jeki ya lori. Unapampu, kabari ya chuma inasogea, gogo linapasuka. Haitaki umeme wala petroli. Nimempelekea mikokoteni miwili, maana utafiti wa magogo kumi hautoshi. Nikataka kupampu, akakataa. Akasema mteja hatoki jasho kwake. Akapampu mwenyewe asubuhi nzima, mimi nikiwa kwenye kigoda na daftari.

Kaidi alipowekwa, jeki ikatema mafuta yote kwenye suruali yangu. Suruali ya ibada! Fundi akaniuliza naichukua lini. Nikasema nitafikiria. Akarudia hilo neno, nitafikiria, taratibu, huku akijifuta jasho kwa shati. Sikupenda macho yake.

Jeki: sita. Kuni nimezirundika pale pale mlangoni mwa banda. Suruali nimeiloweka, na mke wangu hajauliza lolote. Afadhali.

Alhamisi, 6 Juni

Jirani yangu, Mwalimu mstaafu, ana mashine ya petroli. Haazimishi kitu. Nilipomwomba ngazi alitaka barua, kisha akairudisha barua ikiwa na masahihisho ya wino mwekundu. Kumwomba mashine ni kujitafutia aibu. Nikatumia ujanja. Nikasimama uani na kumwambia mke wangu, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ukuta, kwamba watu wanasema mashine ya Mwalimu ni ya kuchanja njiti za meno.

Chai yangu haijapoa, Mwalimu huyo getini na mashine yake! Akasema nisimame pembeni nione. Saa tatu nzima. Moshi, mngurumo, kuni zinaruka huku na huku. Kila gogo likipasuka ananigeukia na kuuliza: Njiti za meno, ee? Nami naandika.

Kaidi akawekwa. Akachomoka, akaruka ukuta, akatua kwenye beseni la nguo za mke wa Mwalimu. Mke wa Mwalimu naye akasema aliyokuwa nayo. Mwalimu akarudi kwao amenywea, akasema lile si gogo, ni laana. Nimemrudisha Kaidi getini, nimefurahi kupita kiasi. Petroli: sita.

Ijumaa, 7 Juni

Janga! Nimefungua daftari. Jeki sita, petroli sita. Sare! Kesho ndiyo Jumamosi na bado sijachagua mashine. Nimejumlisha upya, nimeongeza safu ya uimara na safu ya kelele. Sare tena.

Jioni nimemsikia mke wangu kwenye simu. Nimesikia kaka. Nimesikia banda. Nimesikia kesho. Sikungoja zaidi. Nimeficha ndala chini ya godoro. Kiti nimekikalia mpaka wakati wa kula, kwa kukiaga.

Jumamosi, 8 Juni

Saa sita kamili mke wangu ameniita bandani. Nilikuwa nimeandaa hotuba: sababu saba na ombi moja la siku tatu. Akafungua mlango.

Limejaa! Kuni mpaka dari, zimepangwa mstari kwa mstari. Nikamuuliza nani kaja kuchanja. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wake. Akasema, baba, umejaribisha mashine wiki nzima mpaka magogo yamekwisha, mimi nilikuwa napanga tu nyuma yako. Getini amebaki Kaidi peke yake. Na jana alimpigia kaka yake kumwambia kesho asijisumbue, banda limejaa.

Nimekaa chini pale pale, kwenye vumbi la mbao. Machozi yamenitoka, siyaonei haya. Shemeji haji! Mke wangu amenipa mkate wa moto, nikaula wote bila chai. Ndala zimetoka chini ya godoro.

Jumapili, 9 Juni

Raha. Kiti changu. Redio inasoma habari na hakuna anayekohoa. Mke wangu anaimba huko kwenye tanuri. Sijawahi kuwa na Jumapili nyepesi namna hii.

Ila kutoka hapa kitini namwona Kaidi. Na daftari linasema sita kwa sita. Mtu makini haachi utafiti njiani. Nimeagiza lori jingine la magogo, mazima, litafika Jumanne. Mke wangu sijamwambia, nataka ashangae. Sasa anahitajika mwamuzi asiye na upande, anayezijua kuni, aseme jeki au petroli. Nimefikiri sana. Anayefaa ni mmoja tu.

Nimempigia. Amefurahi mno, masikini. Anafika kesho asubuhi. Amesema ni siku mbili tu, na ameuliza kama zile ndala bado zipo.

Nimemwambia zipo.