Msafara wa Alizeti Jazz

Jumatatu, 5 Mei
Madam Rahabu, mshauri wa wanafunzi, kaniita ofisini. Burudani za chuo zimelala, anasema. Ukumbi usipojaa Jumamosi hii, uwaziri wangu wa burudani anapewa Abdulhamidi. Abdulhamidi! Ana spika mbili, basi anajiita didjei.

Sina wasiwasi. Nimesoma kwenye simu habari za vyuo vya Marekani miaka ya thelathini. Wanafunzi walicheza jazi, bendi kamili, suti nyeupe, tarumbeta zinang'aa. Singida inastahili hayo. Nami nastahili suti nyeupe.

Jumanne, 6 Mei
Tarumbeta zimepatikana! Mzee Mathayo wa Ulemo ana kikundi cha watu saba, wanapiga kanisani na harusini. Nikampigia, shikamoo kwanza, kisha nikauliza kama wanaweza jazi. Akajibu kazi yao ni kupuliza, jina nitaweka mwenyewe. Nimeweka: Alizeti Jazz.

Mwimbaji ni Nasma wa mwaka wa pili. Amekubali, ila anataka kwanza nikamwombe ruhusa baba yake, Mzee Abdulrazaki, mwenye duka la vitambaa mjini. Waziri mzima nikapige magoti dukani? Jioni nikamwambia nimeshakwenda, mzee kafurahi sana.

Alhamisi, 8 Mei
Waliojiandikisha kuja Jumamosi: kumi na wawili. Abdulhamidi kanipa pole mbele za watu. Pole yake akae nayo.

Kesho natangaza mji mzima. Mbele pikapu yenye tarumbeta, nyuma gari jeupe lenye maua kwenye boneti, ndani mimi na Nasma, suti nyeupe, gauni jeupe. Tutapita msikitini watu wakitoka swala ya Ijumaa. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili.

Ijumaa, 9 Mei
Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Vigelegele tangu stendi! Bodaboda zikatufuata zikipiga honi. Nikapunga mkono kama mbunge. Nikamwambia Nasma aone mji unavyopenda jazi. Yeye alikuwa amejiinamia, ananiuliza kwa mara ya tatu kama kweli baba yake anajua.

Baba yake alikuwa anavaa viatu mlangoni mwa msikiti. Akaja na kiatu kimoja hadi katikati ya barabara, pikapu ikasimama. Akauliza nani kamwozesha binti yake. Nikashuka, nikatoa shikamoo. Hakuitikia! Nikaanza kumweleza historia ya Marekani, haikusaidia. Shangazi mtu, Bi. Hajira, alikuwa analia kwamba harusi imefika barabarani na yeye hajaambiwa hata rangi ya sare. Nasma karudishwa nyumbani. Niliogopa, nakiri.

Jumamosi, 10 Mei
Ukumbi umejaa hadi madirishani. Si kwa ajili yangu. Asubuhi Abdulhamidi alikwenda kwa Mzee Abdulrazaki, akakaa, akanywa chai, akaomba ruhusa. Hiyo tu! Huo ndio ubunifu? Mzee kamruhusu Nasma, mradi Bi. Hajira aje kumlinda. Bi. Hajira kacheza kuliko tuliowaalika.

Nasma kaimba, Mzee Mathayo kapuliza kama kijana, zile spika mbili zikapaza yote. Ilikuwa nzuri mpaka nikaumia. Madam Rahabu katangaza waziri mpya. Mimi nimekabidhiwa mlango, nikate tiketi.

Jumapili, 11 Mei
Nimetafakari. Kosa ni moja tu: nguo nyeupe.

Mwezi ujao ni uchaguzi wa rais wa wanafunzi, nagombea. Safari hii nyeusi tupu. Hakuna gari. Tutatembea polepole mjini, vichwa chini, kwa heshima ya muziki. Mbele picha yangu kubwa yenye maua. Nyuma yake vijana sita wamebeba vipeperushi vyangu ndani ya sanduku refu, begani, kwa kupokezana. Watu wataacha kazi zao watufuate, nina hakika.

Nimempigia Mzee Mathayo aandae wimbo wa taratibu. Kanipa pole, kauliza nani kafariki. Wasanii wa zamani hawajui matangazo kabisa.